Tawi la Tatu

Siku ya kwanza nilimpita. Siku ya pili nilimpita tena, nikamgombeza mlinzi kwa kuruhusu watu walale kwenye baraza ya ofisi. Siku ya tatu alinyoosha mguu wake mrefu mbele ya mlango, nikalazimika kusimama.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok, mama. Shida yako nini?"

"Si wewe ndiyo natia mikono chini ya mchanga, pale Kakuma? Mkono moja nakunywa kisima yangu. Toa."

Alisema "toa" kama mtu anayemwambia mtoto aondoe kidole kwenye sukari. Mwaka huo, 1976, mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa vipimo katika mradi wa maji, mtu wa Nyeri aliyeletwa Lodwar kwa sababu alimjibu vibaya mkubwa wake. Nilikuwa nimeandika barua tatu za kuomba uhamisho, nirudi Kenya, kama tulivyozoea kusema wote tuliotoka chini, utadhani Turkana ni nchi nyingine. Sikuzoea kuambiwa toa. Lakini mama huyu, jina lake Akeno, alikuwa amepanda lori kutoka Kakuma, juu ya magunia ya mahindi, akachomwa na jua njia nzima, na kwa siku tatu hakuwa ameomba hata maji ya kunywa. Nikamwingiza kwa mkubwa wetu, Bwana Gitau.

Inafaa nieleze hiyo mikono. Kisima cha mradi kule Kakuma kilichorwa na mzungu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye visima vya mafuta ng'ambo. Huko, alituambia, watu huchimba shimo moja kisha hulitoboa matawi chini kwa chini, ili shimo hilohilo livute kutoka pande nyingi. Akafanya vivyo hivyo kwenye mchanga wa Mto Tarach: shimo la mita saba lililojengwa kwa pete za zege, na chini yake mabomba manne yenye matundu, kila moja likielekea upande wake na kila moja likiwa na vali yake ya kulifungua na kulifunga. Tuliyaita matawi. Tawi la tatu lilielekea juu ya mto, na hatua arobaini tu kutoka ncha yake ndipo kilipokuwa kisima cha Akeno. Tangu pampu yetu ianze kazi, maji yake yalikuwa yakipungua kila wiki.

Gitau alimsikiliza huku akisugua miwani yake.

"Kisima kile ni cha zahanati na cha shule, mama," akamwambia. "Siwezi kukikata mkono hivihivi." Kisha akanigeukia. "Mureithi, kapime. Kila tawi peke yake, kama fomu inavyosema. Kama la tatu linaleta chini ya sehemu ya kumi ya maji, tutalifunga, kwa nini tumuumize mtu kwa kitu kidogo. Likizidi hapo, litabaki. Nataka ripoti Ijumaa ya wiki ijayo. Nikishaitia sahihi, waashi watazifunika hizo vali kwa zege, mambo ya kufungua na kufunga yaishe."

Akeno aliuliza sehemu ya kumi ni nini. Nikamchorea mistari kumi kwenye vumbi, nikafuta mmoja. Aliutazama ule uliofutika.

Kupima si kazi ngumu, ukiwa na pampu. Unafunga matawi matatu, unaacha moja. Unawasha pampu na kuirekebisha mpaka maji ndani ya kisima yatulie kwenye alama, yasipande wala yasishuke. Hapo kinachotoka kwa pampu ndicho kinachoingia kwa tawi. Unajaza pipa, unatazama saa, unaandika. Kule Kakuma vali alizishika Ekuru, mtunza pampu, mzee wa umri wa baba yangu, mpole, mwenye kupenda kuimba puani akiwa kazini. Tawi la kwanza lilitoa lita ishirini na nane kwa dakika. La pili, ishirini na mbili. La tatu, thelathini. La nne, ishirini. Fomu ilikuwa na mistari minne, nami nikaijaza yote minne kwa wino.

Thelathini katika mia. Hata mtoto wa darasa la pili anaona kwamba hiyo si sehemu ya kumi.

Nilimkuta Akeno ndani ya kisima chake, anachota kwa kata, anasubiri maji yajikusanye, anachota tena. Zamani mbuzi sitini walikunywa wakashiba kabla jua halijawa kali. Siku hiyo walikuwa wamekunywa kumi na watano, na kisima kilikuwa kikavu. Alipopanda nikamwambia, "Mama, haiwezekani. Tawi lile lina maji mengi."

Aliiweka kata chini. Kisha akanionyesha vikanyagio vilivyochongwa kwenye ukuta wa kile kisima, kimoja juu ya kingine, hadi chini gizani.

"Nanok ndiyo nachonga hii. Bwana yangu. Amekufa na homa, sasa miaka tatu. Kila mwaka mto nakuja, mchanga nafunika yote. Mimi na binti zangu nachimba tena, nachimba pole, mpaka mguu yangu nakuta ngazi yake. Maji ikikwisha, mimi nahama Kaikor, kwa dada. Sasa mto ikifunika, nani nachimba? Nani nakuta ngazi?"

Mimi nikibanwa huwa mkali. "Nambari ni nambari, mama," nikasema, nikageuka nikaenda zangu upesi. Niliona haya njia nzima ya kurudi Lodwar, nikajidanganya kwamba ni joto.

Jumatatu nilikuwa naisafisha ripoti Gitau alipoinama juu ya bega langu. "Na kisima kizima, matawi yote yakiwa wazi, kinatoa ngapi?"

Nikafungua daftari la pampu. Lita sitini kwa dakika. Kila siku, miezi minne, sitini.

"Matawi yanaleta mia," akasema Gitau, "na kisima kinatoa sitini. Arobaini zinalala wapi?"

Nilihesabu upya. Nilipekua kurasa nikitafuta pahali ambapo labda pampu ilikuwa imevuja. Halafu hasira zangu zikanipa jibu rahisi: Ekuru. Ni yeye aliyeshika vali. Hakuzifunga sawasawa, au alizichezea kwa makusudi, si ni mtu wa palepale, si anamjua Akeno? Gitau alisema Ijumaa ni ileile. Nikadandia lori la Kakuma, na kufikia jioni nilikuwa nimeshamhukumu mzee wa watu mara kumi.

"Umenidanganya," nilimwambia hata kabla ya salamu. "Ulizifunga vali nusu."

Ekuru alikuwa akifuta vumbi kwenye pampu. Aliweka kitambaa chini, akafungua mkanda, akatoa funguo zote alizokuwa nazo, akazipanga moja moja juu ya tangi. "Kama mimi ni mwizi, shika wewe," akasema. Akaondoka kuelekea mtoni.

Basi nikabaki na funguo na pampu. Nikajaribu kuiwasha. Ilikohoa mara mbili ikazima. Dizeli ilikuwa imeisha tangu Jumapili, watu wa zahanati na shule wakijitekea kwa madebe mchana kutwa, na lori la kuileta lilikuwa limekwama Kainuk kwa sababu ya mafuriko. Nilikaa juu ya tangi nikamlaani kila mtu ninayemjua, na mwisho, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki, nikajilaani mwenyewe, nikainuka kwenda kumtafuta Ekuru.

Alikuwa kwa Akeno, anamsaidia kunywesha. Kando ya kisima palikuwa na hori la mti, na Akeno aliwaruhusu mbuzi wanne tu kwa zamu, wengine akiwazuia kwa fimbo. Mbuzi mmoja mwekundu akajipenyeza kabla ya wenzake na kuanza kunywa peke yake. Alikunywa kama vile maji yote ya Tarach ni yake. Akeno akamvuta sikio kwa nguvu.

"Huyu mchoyo," nikasema, ili niseme kitu.

"Si mchoyo," Ekuru akajibu bila kunitazama. "Mbuzi yoyote, ukimwacha peke yake, namaliza hori. Akiwa na wengine napata kidogo tu. Na ukitoa huyu moja, hori haibaki na maji. Wale tatu nakunywa ile yake."

Nilisimama pale mdomo wazi. Maana hivyo ndivyo nilivyopima. Nilikuwa nimemfunga kila mwenzake, nikaacha tawi moja horini, kisha nikaandika kwa wino kwamba hicho ndicho kiasi chake. Kumbe mchanga ni mmoja na maji ni mamoja. Tawi likiwa peke yake huvuta hata yale ambayo wenzake wangeyavuta. Lita arobaini hazikupotea popote, nilizihesabu mara mbili. Kosa halikuwa la Ekuru wala la saa. Lilikuwa langu, mimi na fomu yangu ya mistari minne. Nilichopaswa kufanya ni kupima matawi yote yakiwa wazi, kisha kulifunga la tatu tu na kupima tena, nione kisima kizima kimepungukiwa na nini.

"Mzee Ekuru," nikasema, "nimekukosea vibaya. Nisamehe."

Akanitazama sasa. Akachukua sikio la yule mbuzi mwekundu kutoka mkononi mwa Akeno, akalitia mkononi mwangu. "Shika huyu kwanza," akasema. Nikamshika mpaka zamu yake ilipofika, na nadhani hapo ndipo niliposamehewa.

Lakini dizeli haikuwapo, na Ijumaa haikusogea. Ilibidi tuteke kwa mikono: watu wamesimama kwenye ngazi ya kisima cha mradi, wengine juu, debe likipita kutoka mkono hadi mkono, jinsi wanavyoteka siku zote kwenye visima vyao vya mchangani. Tulihitaji watu kumi na wanne. Nilikwenda zahanati, nikamweleza muuguzi, Jeptoo, mwanamke wa Kapsabet asiyependa maneno mengi, nami sikumficha. Nilimwambia kwamba tukithibitisha, vali itafungwa na yeye atapata maji pungufu.

"Pungufu kiasi gani?"

"Ndicho tunachotaka kujua."

"Basi nipe debe," akasema, akavua viatu.

Asubuhi ya Jumatano tulikuwa kumi na sita: Jeptoo na wafagiaji wawili wa zahanati, mpishi wa shule, wachungaji waliotoka Lopur, Akeno na binti zake. Matawi yote yalikuwa wazi. Ekuru alisimama chini kabisa, maji magotini, jicho kwenye alama niliyoipaka ukutani. Maji yakipanda juu ya alama, maana yake tunateka pole kuliko yanavyoingia. Yakishuka, tunateka haraka mno. Ili kipimo kiwe cha kweli, ilibidi yakae palepale kwa nusu saa nzima.

Hayakukaa. Wachungaji walianza na wimbo wa ngoma, madebe yakaruka, maji yakashuka, Ekuru akapiga kelele. Jeptoo akaanzisha wimbo wa kanisani, mtamu lakini mzito, na maji yakapanda. Tukaanza mara tatu, mara nne. Mimi nilikuwa juu na saa yangu, nimeshaanza kufoka, nikiwaambia watu wazima wahesabu moja mbili moja mbili kama askari, na hakuna aliyeweza kuhesabu na kuinua debe kwa pamoja.

Sauti ya Ekuru ikatoka chini ya shimo. "Imba ya Nanok."

Madebe yote yakasimama. Sikuelewa, mpaka binti mkubwa wa Akeno akaninong'oneza. Nanok alikuwa na wimbo wa dume lake la ng'ombe, dume la rangi ya majivu lenye pembe zilizopinda mbele, na kisimani pake waliteka kwa wimbo huo miaka yote. Alipozikwa, mama yao aliomba usiimbwe tena. Tangu hapo hakuna aliyeuimba, hata mlevi.

Akeno alikuwa wa tatu kutoka juu, debe tupu mikononi. Hakututazama. Nilitaka kusema basi, tuache, tutatafuta wimbo mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani nilifunga mdomo kwa wakati unaofaa.

Akaanza yeye mwenyewe. Sauti ilikwaruza, ikakatika, akaanza tena. Ulikuwa wimbo wa mwendo wa kawaida, mwendo wa mtu anayefuata ng'ombe walioshiba. Wenzake wakamwitikia chini kwa chini, debe likaja, likapita, likaja. Machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Nilisubiri Ekuru apige kelele. Hakupiga. Dakika tano, dakika kumi, maji yakakaa kwenye alama.

Kila debe lilijazwa hadi kwenye alama ya lita kumi na tano. Kwa nusu saa yalitoka madebe mia moja na ishirini. Hiyo ni lita sitini kwa dakika, sawasawa na daftari la pampu. Tukafunga tawi la tatu, tukauacha mchanga utulie mpaka kesho yake. Alhamisi asubuhi, watu walewale, wimbo uleule, nusu saa ileile: madebe mia moja na kumi na mawili. Lita hamsini na sita.

Nilihesabu mara tatu, maana sikujiamini tena. Kulifunga tawi la tatu kulikipunguzia kisima lita nne katika sitini. Sehemu ya kumi ingekuwa sita. Matawi mengine yalikuwa yameziba karibu pengo lote kwa maji ya upande wao, mbali na kisima cha Akeno.

"Lita nne," Jeptoo akasema, akivaa viatu. "Hizo nitazipata nikimkataza mpishi wa shule kuosha sufuria mara mbili." Mpishi akacheka kuliko wote.

Ijumaa nilimpelekea Gitau ripoti. Ile fomu ya kwanza niliiambatanisha, na juu yake nikaandika: Nilikosea. Alisoma ukurasa wa madebe, akasoma ule wa wimbo, ambao labda haukuwa na haja ya kuwamo.

"Unaomba uhamisho," akasema, "na hapohapo unaniandikia kwamba hujui kupima."

"Nilikuwa sijui, bwana."

Akatia sahihi. "Watume waashi Jumatatu."

Ekuru ndiye aliyeizungusha vali ya tatu kwa mara ya mwisho, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Waashi wakamwaga zege, na kwa kuwa dizeli ilikuwa imefika, pampu ikawashwa tena. Nilidhani kazi imekwisha, nikaenda kwa Akeno nikitarajia maji.

Hayakuwapo. Siku ya kwanza mbuzi walikunywa kumi na wanne. Siku ya pili, kumi na wanne. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, kwa sababu nilikuwa nimepima kile ambacho tawi linaipa zahanati, sikuwa nimepima kile ambacho mchanga ungemrudishia yeye, na hicho hakuna saa ya kukipima. Ningeweza kurudi Lodwar. Lori lilikuwapo. Nililala kwa Ekuru, nikala kwake, na kila asubuhi tulikwenda mtoni pamoja. Siku ya tatu walikunywa kumi na wanane, na hakuna aliyethubutu kufurahi.

Siku ya nne Akeno hakushuka. Tulimkuta amekaa kando ya kisima, amekipa mgongo, mbuzi wake wote wamemzunguka.

"Nenda wewe," akaniambia. "Mimi leo naogopa."

Nikavua viatu. Nanok alikuwa mtu wa miguu mirefu. Kila kikanyagio nilikitafuta kwa kidole huku nimekumbatia ukuta. Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mpya. Giza lilinizuia kuona, basi nikapiga magoti na kuingiza mkono.

"Mama!" nikapiga kelele. "Yamefika kwenye kiwiko!"

"Kiwiko ya nani?"

"Yangu!"

"Yako ni fupi," akasema, na mara mchanga ukaanza kunidondokea kichwani. Alikuwa anashuka, upesi, bila kutafuta vikanyagio. Kule chini hakukuwa na nafasi ya watu wawili. Nikajibana ukutani, naye akapiga magoti mbele yangu, akaingiza mkono na bangili zake zote, akafumba macho. Alipapasa chini ya maji, taratibu, mpaka alipogusa mchanga.

"Nanok," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu, "leo mbuzi yote nakunywa."

Akautoa mkono, bangili zikidondosha maji. Kisha akanigeukia, uso umelowa, akanisukuma bega.

"Toka sasa," akasema. "Unakanyaga maji."

Nikapanda nikilia, na huko juu sikujali ni nani anayeniona.